Mizani Kumi na Moja

Bibi alipenda beti, akipima kwa kidole,
Juu yake ni mabati, na theluji tele tele,
Goti likigonga kiti, herufi zina kengele:
Neno lisilo na nguzo, hapa kwetu huanguka.

Kondoo akitoroka, hutungiwa beti moja,
Jirani akichepuka, beti mbili zamngoja,
Kasisi alipofika, hakuthubutu kungoja:
Neno lisilo na nguzo, hapa kwetu huanguka.

Nikahamia mjini, nikatupa vyote vina,
Akakisoma jikoni, chenye jalada na jina,
Akauliza: "Kwa nini, una nyumba, paa huna?
Neno lisilo na nguzo —"

Sikumjibu. Niliosha vikombe, nikavifuta mara mbili.
Ningeweza kumwambia kwamba kule Reykjavik
ninakaa ghorofa ya tatu, juu ya fundi baiskeli,
na upepo unaonifikia umekwisha kuvunjwa na majengo manne;
kwamba neno langu halihitaji nguzo kwa sababu halisimami,
linatembea,
linapanda basi namba sita,
linashuka lisipopajua.
Lakini mtu hasemi hayo mbele ya mwanamke
aliyejenga ukuta wa zizi kwa mawe makavu
akiwa na mimba ya miezi saba.

Februari kiharusi kikampiga.
Hospitalini Akureyri kijiko alikiita mbwa,
mimi akaniita Alhamisi.
Daktari Eyvindur, kijana wa masharubu membamba,
akamwuliza huu ni mwaka gani.
Bibi akamtazama kama anayekagua kondoo wa jirani,
kisha kidole chake kikaanza juu ya blanketi:
nane, kituo, nane.
Nane, kituo, nane.
Hapo nikafahamu kwamba kiharusi kilibeba samani zote
kikasahau sakafu.

Siku ya tatu mstari ukatoka, mzima, umevaa viatu.
Kesho yake wa pili.
Wa tatu ulichukua wiki.
Wa nne tuliungoja mpaka kondoo wakaanza kuzaa,
na Hallbera, bibi yangu, akazikwa siku ya upepo
bila huo mstari.

Septemba kondoo wakashushwa kutoka milimani.
Kwenye zizi la duara kila mtu ananuka sufu na pombe ya chupa ya mfukoni.
Ketill, yule wa beti mbili, akanishika kiwiko.
"Nimekumalizia," akasema.
Mstari wake ulikuwa na mizani kamili,
nguzo mahali pake, kina kimegongwa kama msumari;
ulikuwa pia na malaika wawili na lango la dhahabu.
Wazee wakapiga makofi. Nami nikapiga.
Lakini bibi hakuwahi kumwingiza malaika zizini.
Neno mbingu alilitumia kwa habari ya mvua tu.

Usiku nikaketi kwenye kiti kile, goti langu likigonga.
Nilitaka kuvunja, nilitaka kutii,
na vyote viwili vilikuja na mwandiko wa mtu mwingine.
Nikala mkate wa baridi. Nikafuta. Saa tisa usiku nikaacha hivi,
yake matatu, wangu mmoja:

Dirishani kuna doa, limekaa tangu jana,
Nashindwa kuliondoa, nimelisugua sana,
Kumbe mlima wapoa, umekuja kuniona,
Nao, kama mimi, umesahau ulilokuja kunena.

Nimehesabu kwa kidole.
Kipande cha kwanza kina mizani kumi na moja,
na kina cha kati hakimo.
Paa limepinda, bibi.
Mvua ikija tutajua.